Faini ya kwanza ya kijana na bima ya gari: kisa cha familia moja ya Lubumbashi

Kisa hiki ni cha kweli kwa mwenendo wake. Majina, mji na kampuni za bima vimeondolewa, na tarehe zimesogezwa kwa siku chache. Tumekiandika kwa ajili ya wazazi wa Lubumbashi wenye watoto wanaosoma na kuendesha gari Ufaransa, kwa sababu swali ni lile lile kila mara: mtoto akipigwa faini ya kwanza, ile tunayoiita amandi, bima yake itapanda kiasi gani?

Familia, gari na mkataba

Kijana alikuwa na miaka 20, mwaka wa pili chuoni katika mji mmoja wa Ufaransa. Wazazi wako Lubumbashi na ndio wanaolipa kila kitu: pango, chakula, masomo, gari. Mjomba wake, ndugu wa mama, anaishi Ufaransa zaidi ya miaka 20, katika mji mwingine ulio mbali kiasi cha saa mbili kwa barabara.

Kijana alifanya mtihani wa permi, yaani leseni ya udereva, huko huko na kuipata Machi 2024. Aprili familia ikanunua gari dogo la mtumba. Kadi ya gari iliandikwa kwa jina la Mjomba, na bima pia. Sababu ilikuwa bei. Mjomba ameendesha miaka mingi bila ajali ya kosa lake, na kampuni ilimtoza euro 318 kwa mwaka kwa bima ya chini kabisa, ile inayolipa watu wengine unaowaumiza au kuwaharibia mali. Kijana alipoomba bei kwa jina lake mwenyewe aliambiwa euro 1,240. Papa alipoona tofauti ya euro 922 hakusita: gari likae kwa jina la mkubwa.

Kwenye fomu ya kampuni kulikuwa na mstari unaouliza nani dereva mkuu, yaani mtu anayeshika usukani mara nyingi kuliko wengine, na chini yake mstari wa madereva wengine. Mjomba alijiandika yeye kwenye wa kwanza. Wa pili aliuacha wazi. Gari lilikuwa likilala nje ya chumba cha Kijana kila usiku tangu wiki ya kwanza.

Lazima isemwe wazi kwamba hakuna aliyeona hapo kama kuna udanganyifu. Lubumbashi gari ni la familia. Kuliandika kwa jina la mkubwa ni heshima na ni usalama pia. Asiransi yetu, yaani bima, hushikamana na gari: karatasi ikiwa hai na ada imelipwa, swali la nani aliendesha jana na nani ataendesha kesho haliulizwi sana. Bei hutazama zaidi nguvu ya gari na kazi linalofanya. Faini nayo hubaki kati ya dereva na polisi wa barabarani, wale tunaowaita rulaje. Kampuni ya bima haimo. Familia ilibeba desturi hiyo ikaipeleka Ufaransa kama mtu anavyobeba sanduku lake, bila kufungua kuona kilichomo.

Bima ya Ufaransa inavyohesabiwa

Bila hesabu hii kisa hakieleweki, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kampuni huanza na bei ya msingi ya gari na mahali. Kwa Kijana ilikuwa euro 620. Kwa kuwa permi yake haijafika miaka 3, sheria inairuhusu kampuni kuongeza nyongeza ya dereva mpya, isiyozidi asilimia 100 mwaka wa kwanza. Nyongeza hiyo hushuka kwa nusu kila mwaka unaopita bila ajali ya kosa lako: 100, kisha 50, kisha 25. Aliyejifunza kwa njia ya kuendesha akiwa na mzazi pembeni huanza na 50 badala ya 100.

Jumla hiyo huzidishwa kwa namba iitwayo bonasi-malusi. Kila mtu huanza na 1.00. Mwaka bila ajali ya kosa lako huishusha kwa asilimia 5, hadi 0.50 kwa wale wa miaka mingi kama Mjomba. Ajali moja ambayo kosa lote ni lako huipandisha kwa asilimia 25. Mwisho wake juu ni 3.50.

Angalia kinachohesabiwa: ajali. Bonasi-malusi haina mahali pa kuweka faini ya mwendo kasi. Pointi za permi, zile zinazoondolewa dereva akifanya kosa, ziko kwenye daftari la dola, na kampuni za bima haziruhusiwi kulisoma daftari hilo. Taasisi inayotuma faini za radari, ile mashine ya barabarani inayopima kasi na kupiga picha, haiipigii kampuni yako simu.

Kinachoingia kwenye bei ni mambo mazito: kuendesha ukiwa umelewa, kukimbia baada ya kugonga, kusimamishiwa permi. Permi iliyosimamishwa kati ya miezi 2 na 6 inaruhusu nyongeza ya hadi asilimia 50. Zaidi ya miezi 6, hadi 100. Ulevi uliosababisha ajali, hadi 150. Haya kampuni huyauliza kwenye fomu, na unatakiwa kujibu ukweli.

Barua ya radari

Septemba 2024 Kijana alipita mbele ya radari mjini, mahali pa kilomita 50 kwa saa. Barua ilikwenda kwa mwenye kadi ya gari, yaani Mjomba. Yeye alikuwa safarini, ikalala kwenye sanduku lake la posta siku 9.

Ndani yake kulikuwa na namba mbili ambazo watu wengi huchanganya. Kasi iliyopimwa: 63. Kasi iliyohesabiwa: 58. Chini ya kilomita 100 kwa saa radari ya kudumu hupunguziwa 5 kama nafasi ya kosa la mashine, na hukumu hufuata namba ya pili. Kwa hiyo kosa lilikuwa kuzidi kwa kilomita 8. Kungekuwa kuzidi kwa chini ya 5, tangu Januari 2024 faini ingebaki lakini pointi isingeondoka. Kwa 8, pointi moja inaondoka.

Kiasi: euro 135. Ukilipa ndani ya siku 15, au 30 kwa njia ya mtandao, ni 90. Ukipuuza hadi muda wa kawaida uishe, ni 375.

Mjomba alipiga picha karatasi zote na kuziweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Ndani ya saa moja kikundi kilikuwa na maoni ya watu kutoka Lubumbashi, Kolwezi na Ufaransa.

Majibu matatu mezani

La kwanza lilitoka kwa Papa: ilipwe leo leo kabla 90 haijawa 135. Alikuwa ameshaandaa kadi ya benki. Jibu hili ni la mtu mwema asiyependa deni, na ndilo lililokuwa hatari kuliko yote. Kulipa faini ile ni kukiri. Namba ya faili ilikuwa ya Mjomba. Papa angelipa kutoka Lubumbashi kwa dakika tano, faili ingefungwa, na pointi ingeondoka kwa mtu aliyekuwa kilomita 200 kutoka kwenye radari.

La pili lilitoka kwa binamu mmoja, na liliwavutia wengi: «Mjomba, pointi ni moja tu. Wewe uko na 12, mtoto yuko na 6. Beba wewe, asiransi isimjue.» Mama aliunga mkono. Hofu yao ilikuwa kwamba jina la Kijana likiandikwa kwa serikali, kampuni itapata habari na kumfukuza.

La tatu lilikuwa la Mjomba mwenyewe, na alilisema kwa sauti, si kwa kuandika, akimwambia Mama, dada yake mkubwa: «Yaya, mimi sikuendesha. Nikisaini kwamba niliendesha, na kesho mtoto akigonga mtu, nitasema nini?»

Swali hilo la Mjomba ndilo lililobadilisha mazungumzo. Faini ilikuwa imeleta mezani jambo ambalo hakuna aliyelitazama tangu Aprili: radari ilikuwa imepiga picha, saa moja na nusu asubuhi siku ya kazi, mbele ya chuo, gari ambalo mkataba unasema linaendeshwa na fundi wa miaka 51 anayeishi mji mwingine.

Uamuzi, na kwa nini

Familia iliamua mambo manne ndani ya siku tatu.

Mosi, hakuna kulipa bado. Mjomba aliingia kwenye tovuti ya taasisi ya faini za radari, inayojulikana kwa herufi ANTAI, akamtaja dereva halisi. Anayo siku 45 za kufanya hivyo. Kinachohitajika: namba ya barua, jina kamili la dereva, tarehe na mahali alipozaliwa, anwani yake na namba ya permi yake. Hapa kosa dogo huchelewesha mambo. Jina la Kijana kwenye permi lilikuwa na majina matatu kwa mpangilio tofauti na wa pasipoti. Mjomba aliandika kama lilivyo kwenye permi, ndivyo inavyotakiwa. Wiki mbili baadaye barua mpya ikamfikia Kijana kwa jina lake, ikiwa na muda mpya wa kulipa. Alilipa euro 90 siku ya nne.

Pili, gari lisimame. Tangu siku ya mazungumzo yale hadi mkataba mpya, funguo zilikaa kwa Mjomba na Kijana akapanda basi kwa karibu wiki nane. Wapo waliouona ukali huu hauna maana, kwani miezi mitano ilishapita salama. Tunadhani ulikuwa uamuzi bora wa kisa kizima. Kabla ya barua, familia ingeweza kusema haikuelewa fomu. Baada ya kujadili kwa maandishi kwamba dereva wa kweli si yule wa kwenye mkataba, neno «hatukujua» lilikuwa limekwisha.

Tatu, umiliki uhamishwe. Mjomba na Kijana walijaza hati ya kuhamisha gari. Kwa gari la zaidi ya miaka 4 linalouzwa hutakiwa cheti cha ukaguzi wa ufundi kisichozidi miezi 6, na lao lilikuwa la miezi 7. Likarudi kwenye ukaguzi, likakataliwa kwa tairi mbili za nyuma, zikabadilishwa, likapita. Ndiyo maana kazi ya wiki tatu ilichukua nane. Mwenye gari mpya ana mwezi mmoja wa kuomba kadi kwa jina lake.

Nne, mkataba mpya kwa jina la Kijana, yeye akiwa dereva mkuu. Mkataba wa Mjomba ulisimama usiku wa manane wa siku ya uhamisho, kama sheria inavyosema gari linapobadili mwenyewe, na baada ya kuufunga kampuni ilimrudishia sehemu ambayo haikutumika, karibu euro 119.

Kuna jambo moja ambalo hatulifichi. Njia hii iliifungua familia kwenye mkataba wa zamani bila kuieleza kampuni ile ukweli wa miezi ile. Njia iliyonyooka zaidi ilikuwepo: kumpigia wakala, kusema dereva mkuu ni mpwa wangu, na kungoja. Kampuni ina haki ya kudai ada kubwa zaidi au kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku 10. Mjomba aliogopa kuvunjiwa, kwa sababu mkataba uliovunjwa na kampuni huulizwa kwenye fomu zote zinazofuata na ungemfuata hata kwenye gari lake mwenyewe. Hofu hiyo tunaielewa. Hata hivyo tungemshauri aseme.

Mkataba mpya

Kijana aliomba bei kwa kampuni tatu. Moja ilimkataa kwa kuwa permi yake haijafika mwaka. Mbili zilitoa bei: 1,410 na 1,240. Fomu za zote ziliuliza kuhusu miaka 3 iliyopita: ajali, permi kusimamishwa au kufutwa, hukumu ya ulevi, mkataba kuvunjwa na kampuni. Hakuna iliyouliza pointi ngapi zimebaki. Aliogopa sana mstari huo ambao haukuwepo.

Alichukua ya 1,240, kuanzia 1 Desemba 2024. Euro ile ile aliyoambiwa Aprili, kabla hajawa na faini yoyote. Senti haikuongezeka.

Aprili 2025: mgongano kwenye mzunguko

Asubuhi ya mvua, kwenye mzunguko wa barabara, gari la mbele lilianza kuingia likasita. Kijana alikuwa ametazama kushoto kuona kama njia ni wazi, akaachia breki, akaligonga nyuma kwa kasi ndogo. Bampa na taa moja ya mwenzake viliharibika. Dereva yule alilalamika shingo.

Alifanya sawasawa karibu mambo yote. Aliwasha taa za hatari, akampigia Mjomba, kisha wakajaza fomu ya ajali ya makubaliano. Kila dereva hubaki na nakala yake, na baada ya saini hakuna anayeruhusiwa kuongeza neno. Alitia alama kwenye kisanduku kinachosema «aligonga nyuma, mwelekeo mmoja, msitari mmoja». Alichosahau ni kuandika kwenye sehemu ya maelezo kwamba mwenzake alisimama ghafla. Kisanduku kile peke yake kilimpa kosa lote. Kwa kweli hata maelezo yasingebadilisha sana, kwa sababu anayefuata nyuma anatakiwa kuacha nafasi ya kusimama. Aliituma kwa kampuni siku iliyofuata. Muda wa sheria ni siku 5 za kazi.

Kampuni ilimlipa mwenzake gari na matibabu ya shingo. Uharibifu wa gari la Kijana haukulipwa, kwani bima yake ni ya chini. Taa mpya na kunyoosha boneti vilitoka mfukoni mwa Papa.

Desemba 2025 karatasi ya mwaka wa pili ikafika Lubumbashi kwa picha: euro 1,550.

Papa alipiga simu akiwa na hasira, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa: «Si nilisema mngelipa mambo yaishe? Angalia ile amandi inavyotula.»

Pesa zilitoka wapi hasa

Papa alikosea, na kosa lake linaeleweka, kwa sababu matukio matatu yalifuatana akayaona kama mnyororo mmoja. Tuyatenganishe.

Faini ya radari iligharimu euro 90, mara moja. Kwenye bima iligharimu sifuri.

Kuhamisha mkataba kwa jina la kweli kuliongeza euro 922 kwa mwaka. Hiyo haikuwa adhabu. Ndiyo bei iliyokuwa halali tangu Aprili 2024, ambayo familia ilikuwa haijailipa.

Mgongano ndio uliopandisha mwaka wa pili. Hesabu: 620, ongeza nyongeza ya dereva mpya ambayo haikushuka kwa sababu ya ajali, inakuwa 1,240, zidisha kwa 1.25, inakuwa 1,550. Asingegonga, nyongeza ingeshuka hadi asilimia 50 na bonasi-malusi hadi 0.95: euro 620 mara 1.5 mara 0.95, sawa na 883.50. Sekunde mbili za kutazama kushoto ziligharimu euro 666.50 kwa mwaka huo, mbali na boneti.

Mwaka wa tatu, akimaliza salama, ni nyongeza ya 50 na namba 1.18: euro 1,097.40. Akikamilisha miaka miwili mfululizo bila ajali ya kosa lake, namba inarudi 1.00 hata kama hesabu ya asilimia 5 ingeiacha juu zaidi. Mwaka unaohesabiwa hufungwa miezi 2 kabla ya siku ya kulipa. Kwa mkataba wa 1 Desemba, unaisha 30 Septemba. Ajali ya Oktoba huonekana kwenye karatasi ya mwaka unaofuata, na familia nyingi hudhani wamesamehewa kumbe wanangojewa.

Sasa hesabu ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Gari lingekuwa bado kwa jina la Mjomba asubuhi ile ya mvua, mkaguzi wa kampuni angeuliza maswali matatu: gari linalala wapi, nani huliendesha kwenda wapi, na faini za gari hili zimekwenda kwa nani. Akithibitisha kwamba jibu la dereva mkuu lilikuwa uongo wa makusudi, mkataba hubatilishwa tangu mwanzo, na ada zilizolipwa hubaki kwa kampuni. Aliyeumia haachwi, tangu sheria ya Mei 2019 ubatilisho huo haumgusi, kampuni inamlipa. Kisha kampuni inageuka na kudai fedha hizo kwa mwenye kosa la ajali. Shingo ya mtu haina bei inayojulikana mapema. Ikipona kwa wiki mbili ni mamia ya euro. Ikiwa ni jeraha la kudumu, ni deni la maisha, na lingebebwa na familia hii.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa zaidi ni kutokulipa haraka. Desturi njema ya kumaliza deni ingefunga mlango wa kumtaja dereva wa kweli.

Cha pili ni kwamba Mjomba alisema hapana kwa dada yake mkubwa. Kwenye familia zetu hilo si jepesi, na pale ndipo wengi huanguka: mtu mzima mwenye permi safi anaombwa «msaada» ambao kwa karatasi ni kujibebesha kosa la mtu mwingine.

Kilichokwama ni Aprili ya kwanza. Familia ilitafuta bei kwa jina la nani badala ya kuitafuta kwa njia halali zilizokuwepo. Kijana angeanza na kujifunza akiwa na Mjomba pembeni, nyongeza ingeanza kwa 50: euro 930 badala ya 1,240. Kama angekuwa anaendesha mwisho wa wiki tu anapokwenda kwa Mjomba, angeandikwa kihalali kama dereva wa pili kwenye mkataba wa Mjomba, na miaka hiyo ingehesabiwa kama uzoefu. Kwa gari la kila siku kwenda chuoni, njia hiyo haikuwa yake.

Kilipotea pia kitu ambacho familia haikukijua. Permi mpya ya Ufaransa huanza na pointi 6, na kila mwaka wa majaribio bila kosa la pointi huongeza 2, hadi 12 mwaka wa tatu. Pointi moja iliyoondoka ilirudi baada ya miezi 6 safi, lakini nyongeza za 2 kwa mwaka zilikatika kwa muda wote wa majaribio. Tena kuna mafunzo ya saa 7, kati ya mwezi wa 6 na wa 12 wa permi, yanayopunguza majaribio kutoka miaka 3 hadi 2, na kampuni kadhaa hushusha bei kwa waliofanya. Aliyepoteza pointi hapati ufupisho huo. Kama mtu anataka kujua madhara ya kweli ya kilomita 8 zile, ni haya, wala si bima.

Kama faini ingekuwa ya namna nyingine

Simu mkononi: euro 135 na pointi 3. Kwa dereva wa majaribio, kupoteza pointi 3 au zaidi kwa kosa moja kunaleta barua ya kumlazimisha mafunzo ya siku 2, naye ana miezi 4 tangu kuipokea. Asipokwenda, ni kosa jipya. Akimaliza, anaweza kuomba arudishiwe faini. Bei ya bima bado haiguswi na kosa lenyewe.

Pombe ni habari tofauti kabisa. Kwa permi ya majaribio kikomo ni gramu 0.2 kwa lita ya damu, ambacho kwa wengi ni chini ya glasi moja. Juu ya hapo pointi 6 huondoka kwa pigo moja, na pointi 6 ndizo zote alizonazo wa mwaka wa kwanza: permi imekufa. Permi ikifutwa au kusimamishwa, huwezi kunyamaza: fomu inauliza, na katikati ya mkataba jambo lolote linalobadilisha majibu uliyoyatoa hutangazwa ndani ya siku 15 kwa barua ya kusajiliwa.

Mzazi aliye Lubumbashi na karatasi za mtoto kwenye simu yake afungue mkataba, atafute mstari wa dereva mkuu, asome jina lililoandikwa hapo, kisha amuulize mtoto gari limelala wapi usiku wa jana.